Uzi maalumu: Naishi kwa kuandika riwaya za upelelezi. Leo tumzungumzie marehemu, maana ndiye anayesahaulika

Kalamu ya Kesi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kazi yangu ni kuandika riwaya za uhalifu. Ndiyo inayonilipia bili, na nimeifanya kwa muda mrefu kiasi kwamba najua maswali nitakayoulizwa na kila ninayekutana naye. La kwanza: mbinu za kuua unazipata wapi? La pili: unamfichaje muuaji hadi mwisho? Yote ni maswali ya haki na nitayajibu humu. Ila uzi huu nimeufungua kwa sababu ya swali ambalo karibu hakuna anayeniuliza: yule aliyekufa alikuwa nani?

Huwa napokea miswada ya waandishi chipukizi wanaotaka maoni. Mingi inaanza na maiti. Marehemu anapewa jina, umri na jeraha. Kisha anaingia kachero, na kuanzia hapo kachero ndiye mwenye kila kitu: huzuni yake, ndoa iliyovunjika, bosi asiyemwelewa. Ukifika sura ya tatu, marehemu amekuwa "ile kesi". Jaribu kumwondoa umweke mtu mwingine yeyote mahali pake, hakuna hata mstari mmoja utakaobadilika. Nikiona hivyo namrudishia mwenyewe mswada na swali moja tu juu yake.

Hebu tazameni kachero anafanya nini kutwa nzima. Anauliza nani alimwona marehemu mara ya mwisho. Alikuwa akimdai nani. Kwa nini siku ile alipita njia ambayo si yake. Nani alijua atakuwa peke yake. Maswali yote hayo yanahusu maisha ya mtu mmoja ambaye hawezi kujibu. Kwa hiyo riwaya ya upelelezi, kwa jinsi ninavyoielewa mimi, ni wasifu wa mtu unaoandikwa na mgeni aliyechelewa kufika. Kama mwandishi hamjui marehemu, kachero ataokota nini?

Fani yetu ina kanuni nyingi zilizoandikwa zamani. Mwaka 1928 Mmarekani S. S. Van Dine alitoa kanuni 20, na mojawapo inasema lazima pawe na maiti, kwamba kosa dogo kuliko mauaji halistahili kurasa mia tatu. Mwaka uliofuata padri wa Kiingereza, Ronald Knox, akatoa zake 10: muuaji atajwe mapema, vidokezo vyote viwekwe wazi, sumu isiyojulikana na sayansi isitumike. Nazikubali nyingi. Ukizisoma zote lakini utaona zinamlinda msomaji asidanganywe. Hakuna hata moja inayouliza mwandishi anadaiwa nini na yule aliyelala sakafuni.

Mimi kabla ya mstari wa kwanza naandika wiki ya mwisho ya marehemu, saa kwa saa, katika daftari la pembeni. Aliamka saa ngapi, alimpigia nani simu akaikata kabla haijapokelewa, aliahidi nini kwa Ijumaa ambayo hakuifikia. Sehemu kubwa ya daftari hilo haiingii kitabuni. Kazi yake ni kunifanya nimhurumie kabla sijaanza kumtumia.

Karibuni. Nitajibu kila nipatapo upenyo kati ya sura na sura.

Mshale wa Saa

Mkuu, nimeweka kambi hapa. Swali: unapoanza kuandika unakuwa tayari unamjua muuaji, au naye unamtafuta pamoja na msomaji?

Kalamu ya Kesi (mleta uzi)

Namjua. Wapo wenzangu wanaoanza bila kumjua na wanafika salama, kwa hiyo usiichukue kama sheria.

Mimi huwa na hadithi mbili mezani. Ya kwanza ni ile iliyotokea kweli, kwa mpangilio wake: chuki ilianza lini, nani alinunua nini, mlango ulifunguliwaje. Ya pili ni namna mambo hayo yanavyojitokeza mbele ya kachero, nusunusu, kinyumenyume, mengine yakiwa yamepakwa uongo na mashahidi. Msomaji anaisoma ya pili tu, ila ikiwa ya kwanza ina tundu, ya pili itavuja mahali fulani na wasomaji wa fani hii hawakosi kupaona.

Ndiyo maana ukutani kwangu kuna jedwali: saa upande mmoja, majina ya wahusika juu, na kila kisanduku kinasema mtu huyo yuko wapi. Safu ya marehemu huwa ya kwanza. Inafika mahali inakatika, wenzake wanaendelea. Nimezoea mambo mengi katika kazi hii, lakini bado huwa nasita kidogo kabla ya kuchora ule mstari.

Fumbo Tupu

Naomba nitofautiane nawe, kwa heshima zote. Mimi ni msomaji wa siku nyingi na nasoma riwaya hizi kwa ajili ya fumbo. Nataka vidokezo, nataka kushindana na mwandishi, nataka kushindwa kwa haki. Nikipewa kurasa hamsini za utoto wa marehemu na ndoto zake, naweka kitabu chini. Nikitaka wasifu nitanunua wasifu.

Kalamu ya Kesi (mleta uzi)

Hoja nzuri hiyo, na nashukuru umeileta mapema.

Kurasa hamsini za utoto hata mimi sizitaki. Ninachosema ni kwamba fumbo zuri limetengenezwa kwa maisha ya marehemu. Chukua mfano wa zamani kabisa. Mwaka 1247 huko China, ofisa wa sheria aliyeitwa Song Ci aliandika mwongozo wa kuchunguza vifo, mmoja wa vitabu vya kale zaidi vya fani hiyo duniani. Humo kuna kisa ambacho wapenzi wa upelelezi wanakipenda: mtu ameuawa kwa mundu, ofisa anaamuru wakazi wote walete miundu yao, inapangwa chini juani, na nzi wanatua kwenye mmoja tu. Umesafishwa, lakini chembe za damu zimebaki na nzi wanazisikia harufu. Mwenye mundu huo anakiri.

Watu wanakumbuka nzi. Ukikisoma kisa vizuri utakuta kuna mambo mawili yaliyotangulia. Kwanza ofisa aliona kwamba mali ya marehemu haijaguswa ilhali majeraha ni mengi, akasema huu si unyang'anyi, hapa kuna chuki. Pili alimwita mke wa marehemu na kumwuliza mumewe alikuwa na ugomvi na nani. Mke akasema hakuwa na adui, ila kuna mtu alikuja kukopa fedha, akanyimwa, akaondoka na vitisho. Nzi walikuja kuthibitisha. Njia ilifunguliwa na maisha ya marehemu: alichokuwa nacho mwilini, na neno moja alilomkatalia mtu.

Hapo umepata fumbo lako, na mimi nimempata mtu wangu, katika mistari ileile.

Fumbo Tupu

Hapo nimekuelewa. Kisa cha nzi nakijua, hiyo sehemu ya mke nilikuwa nimeiruka kabisa.

Zamu ya Usiku

Nafanya kazi hospitali, upande ambao sitausema. Wakuu waandishi, naomba sana: acheni madaktari wa riwayani wanaogusa shavu la maiti na kutangaza "amekufa saa tatu na dakika kumi". Haiwezekani.

Kukakamaa kwa mwili kwa kawaida kunaanza kuonekana saa mbili hadi nne hivi tangu mtu afe, kwenye misuli midogo ya uso na taya kwanza, kunakamilika baada ya kama saa 12, halafu kunalegea taratibu, mara nyingi kati ya saa 24 na 48. Joto linaharakisha, baridi inachelewesha, na mtu aliyekuwa akikimbia au kupigana kabla ya kufa anaweza kukakamaa mapema zaidi. Yale mabaka mekundu ya zambarau nayo yanatokea kwa sababu damu inashuka upande wa chini kwa uzito wake. Baada ya saa nane hadi 12 hivi yanakuwa yamekaa. Ukikuta mabaka mgongoni na maiti imelala kifudifudi, ujue kuna mtu aliigeuza baadaye. Hicho kidokezo ni cha kweli kabisa na sijui kwa nini hamkitumii zaidi.

Kalamu ya Kesi (mleta uzi)

Dada au kaka, Mungu akubariki. Posti yako naihifadhi.

Nami niongezee yale ninayokutana nayo kwenye miswada. Klorofomu, ile dawa ya usingizi, kwenye kitambaa haimlazi mtu kwa pumzi mbili. Inahitaji dakika kadhaa za kuivuta mfululizo, na inaweza kuua. Bastola yenye kiwambo cha sauti haitoi ule mlio wa "pfft" wa kwenye filamu. Mlio wa risasi unapita desibeli 140, kiwambo kinapunguza kama 20 hadi 35, kwa hiyo jirani aliye macho bado atasikia kitu. Na sumu ya aseniki, ambayo zamani iliwaponyoka madaktari kwa kuwa dalili zake zinafanana na za kipindupindu, haikuwa salama tena kwa muuaji tangu 1836, James Marsh alipochapisha kipimo cha kuigundua mwilini.

Kuhusu saa ya kifo, mwandishi aliye makini ataifurahia hali hiyo anayoieleza mwenzetu. Daktari mkweli anasema "kati ya saa mbili na saa sita usiku". Ndani ya saa nne hizo ndimo wanamoishi watuhumiwa wako wote. Ukimpa daktari dakika kamili umejinyang'anya nusu ya kitabu. Nilipoanza kuzungumza na wataalamu wa mochwari nilitegemea wanipe majibu. Walichonipa ni mipaka ya majibu, na hadithi zangu zilibadilika tangu siku hiyo.

Ukienda kuuliza wataalamu, usimwulize "sumu gani haionekani?" Atakutazama vibaya, na ana haki. Mwulize: "Siku ya kazi kwako inaanzaje? Ni kitu gani huwa kinakufanya usimame ukitazame mara ya pili?" Hapo atakaa na kuzungumza nawe.

Mama Kitabu

Mwanangu, uzi umenivutia, ila mimi nina wasiwasi wa mzazi. Hamwoni kwamba mnawafundisha watu kuua? Na hizi kesi za kweli mnazozichukua magazetini, wenye msiba mnawaombaga ruhusa?

Kalamu ya Kesi (mleta uzi)

Shikamoo mama. Maswali yako ndiyo mazito kuliko yote yaliyoulizwa humu, kwa hiyo nitayajibu kwa kirefu.

La kwanza. Riwaya inaweza kuwa sahihi bila kuwa mwongozo wa matumizi. Agatha Christie, mwandishi wa Uingereza wa riwaya za upelelezi, alifanya kazi kwenye duka la dawa la hospitali wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia na alizijua sumu kwa undani. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1920, na jarida la wafamasia la Uingereza lilimsifu kwa usahihi wake. Mimi huacha hatua moja nje, kwa kawaida kipimo au namna kitu kilivyopatikana. Msomaji hapungukiwi chochote, maana hakuja kujifunza kutengeneza. Alikuja kujua kwa nini.

La pili ndilo linaloninyima usingizi hasa, mama. Watu wanadhani damu ndiyo inayomfuata mwandishi kitandani. Damu unaizoea upesi, kwenye karatasi ni maneno tu. Kinachobaki ni yule anayepigiwa simu. Nikiandika kifo, lazima mahali fulani niandike mlango unagongwa na mtu wa nyumbani anaambiwa. Mandhari hiyo naiandika mara nyingi zaidi ya nyingine yoyote na siipendi hadi leo.

Kwa hiyo kesi mbichi siigusi. Kubadili majina hakutoshi, kwa sababu mama wa marehemu ataitambua gauni, ataitambua saa, atalitambua lile neno ambalo mwanawe alipenda kulisema. Ninachoruhusu kichukuliwe kutoka kwenye maisha halisi ni jambo la jumla: kwamba ndugu huuana kwa urithi, kwamba mtu anaweza kumwogopa jirani kwa miaka bila kusema. Marehemu mwenyewe namtunga mwanzo mwisho. Na nikishamtunga nampa kitu ambacho hakina uhusiano wowote na kifo chake, cha kwake tu. Mmoja alikuwa akijifunza kuogelea uzeeni. Haikusaidia upelelezi hata kidogo. Mhariri alitaka tuifute na nilimkatalia.

Mama Kitabu

Marahaba mwanangu. Sasa nimetulia. Ulifanya vema kumkatalia.

Njaa ya Kalamu

Mkuu, tuambie ukweli kuhusu fedha. Inalipa?

Kalamu ya Kesi (mleta uzi)

Kitabu kimoja, hapana, kwa walio wengi. Unapewa malipo ya awali, kisha mrabaha ambao ni asilimia ya mauzo, na mrabaha hauanzi kuingia mpaka vitabu vilivyouzwa vimerudisha yale malipo ya awali. Wenye kuishi kwa kazi hii wengi wana mfululizo: msomaji akikipenda kitabu cha nne anarudi kununua vitatu vya nyuma. Haki za tafsiri, za filamu na za kitabu cha kusikiliza zisomeni moja moja kabla ya kusaini. Msisaini zote kwa mkupuo.

Na usiache kazi yako haraka. Mwandishi wa Uingereza P. D. James alitoa riwaya yake ya kwanza 1962, akaendelea na ajira serikalini hadi alipostaafu 1979. Mwenzetu wa Marekani, Raymond Chandler, alikuwa na miaka 45 hadithi yake ya kwanza ya uhalifu ilipochapishwa, 1933, baada ya kupoteza kazi kwenye kampuni ya mafuta. Umri si hoja.

Mfululizo nao una mtego wake. Kachero yuleyule kila mwaka, na wasomaji wanamtaka vilevile alivyo. Conan Doyle alimchoka kachero wake Sherlock Holmes akamuua mwaka 1893, na miaka kumi baadaye akawa amemrudisha. Dawa yangu mimi ni hiyohiyo ninayoihubiri humu: kachero ni yuleyule, lakini kila marehemu ni mtu mpya, na kumjua mtu mpya hakuchoshi.

Wino Mbichi

Wakuu, nimesoma uzi wote nikaenda kuufungua mswada wangu. Naomba niweke mwanzo wake hapa, mnichambue bila huruma:

"Maiti ya tajiri huyo ilikutwa sebuleni asubuhi. Damu ilikuwa imetapakaa kwenye zulia la bei mbaya. Alikuwa na maadui wengi."

Kalamu ya Kesi (mleta uzi)

Asante kwa ujasiri wa kuuweka hadharani. Sitakuchambua, nitakuuliza. Kwa nini ni tajiri? "Maadui wengi" ni akina nani, na kila mmoja alinyimwa nini? Kesho asubuhi, mbali na polisi, ni nani ambaye siku yake itaharibika kwa sababu mtu huyu hayupo? Jibu hilo la mwisho kwanza. Usiniletee sentensi, niletee mtu.

Wino Mbichi

Nimelala nalo. Tajiri nilimweka kwa sababu kila mtu anaweka tajiri. Nimemfuta.

Sasa marehemu ni karani wa mahakama aliyestaafu. Kwa kuwa ana mwandiko mzuri na anajua lugha ya ofisi, majirani wasiojua kuandika wanakuja kwake awaandikie barua: za maombi, za madai, za kumwomba mtoto aliyekimbia arudi. Kwa hiyo siku zinazoharibika baada ya kifo chake ni za watu wengi. Kuna bibi ambaye barua yake ilikuwa imefika katikati. Nadhani muuaji ni mmoja wa walioandikiwa barua, maana mzee alijua siri yake. Ila nimekwama: muuaji aliichukua barua, basi kachero ataijuaje?

Fumbo Tupu

Aisee. Hiki nitakinunua.

Zamu ya Usiku

Naunga mkono. Na usisahau mabaka ya mgongoni.

Kalamu ya Kesi (mleta uzi)

Umeona ulichofanya? Ulikuwa na "maadui wengi", sasa una kijiji kizima cha watuhumiwa, na kila mmoja amekuja mlangoni kwa mzee kwa hiari yake, amekaa kitini, amesema kwa sauti jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Muuaji ni yule aliyejutia kusema. Hukumtafutia sababu ya kuua, imetoka kwenye kazi ya marehemu.

Jibu la mkwamo wako nalo limo humohumo. Karani wa mahakama, miaka yote kazini, alizoea nini? Nakala. Hawezi kuandika waraka asibaki na nakala yake. Muuaji hajui hilo kwa sababu hajawahi kufanya kazi ofisini. Kachero naye asijue mapema, lakini msomaji lazima awe ameonyeshwa, la sivyo Fumbo Tupu hapo juu atakushtaki, na atashinda.

Usimwonyeshe kwa kusema "alikuwa na desturi ya kutunza nakala". Weka sura ya pili, mzee akiwa bado hai, wakati wa barua ya yule bibi. Bibi analalamika kuhusu malipo: barua ni ya ukurasa mmoja, mbona anatozwa karatasi mbili? Mzee anacheka, anampunguzia, wanaendelea na barua. Msomaji ataona wema wa mzee na ubishi wa bibi, atapita. Kurasa mia mbili mbele, kachero anapohesabu karatasi zilizobaki mezani na hesabu isikubali, atarudi mwenyewe kuitafuta sura ya pili.

Andika kwanza wiki yake ya mwisho, saa kwa saa. Uniletee daftari hilo kabla ya sura yoyote.

Wino Mbichi

Nimeanza na Jumatatu. Naleta Jumapili, mkuu.